Bega la Kushoto

Tunakutana Grugliasco, nyuma ya kiwanda kilichofungwa,
Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi,
umande umelala juu ya maboneti
na milima ya Alpi haijaamua kama ionekane.
Kila mtu na gari lake, kila gari na kitambaa chake.
Hatusalimiani kwanza. Kwanza tunatazama.

Leo Tancredi kaja na jipya.
Jeusi, refu; kwa bei yake ningenunua nyumba
na kaburi, na chenji ingebaki.
Mbele lina mdomo,
mdomo wa kromu kutoka taa hadi taa,
kama mtu aliyemeza kinanda na bado ana njaa.

Daktari Brezzo, ambaye kutwa huchungulia meno ya watu,
ndiye aliyeanza:
"Mdomo huu si wa kutibu. Ni wa kufunga."
Ghisolfi, mwenye lile la bluu la mwaka sabini na moja,
akainama, akazitazama taa, nyembamba kama wembe:
"Linanikonyeza, au linanidharau?"
Akainuka akishika kiuno.
"Anasa ilikuwa ikinong'ona, jamani.
Ukitaka kuisikia, unasogea.
Hii inakufuata mpaka mlangoni na tarumbeta."

"Nyinyi," Tancredi akasema,
"mnapenda magari kama mnavyopenda marehemu:
hayajibu."

Akatufungulia tukae.
Ngozi nyeupe, harufu ya kiatu cha sikukuu,
skrini tatu, na moja ya abiria peke yake.
Nikatafuta kitufe cha redio
kama atafutaye swichi usiku nyumbani kwa wakwe.
Nikatoka nimenyamaza. Kiti, lazima niseme, kilikuwa kizuri.

Ndipo akafika Ermenegildo, kwa basi.
Hana gari. Hajawahi kuwa nalo.
Miaka thelathini na minne alichonga udongo,
magari mazima ya udongo, kwa ukubwa wake,
kabla bati halijajua litakuwa nini.
Siku hizi anaona kivuli na ukingo wa kivuli.
Hakuuliza rangi. Akavua glavu moja,
akaanzia taa ya kushoto, kiganja wazi,
taratibu, kama apimaye homa ya mtoto.

Penye mdomo alipita bila kusimama.
"Hapa aliingia mkurugenzi," alisema. Tukacheka.
Mlango. Kitasa kilichojificha; akasonya.
Kisha bega la nyuma, juu ya gurudumu.
Akasimama.
Akarudi nyuma hatua mbili, akapita tena.
Akarudi.

"Hapa kuna mtu."

Hatukuelewa.
"Kuna uvimbe, haufiki unene wa kadi ya benki.
Kompyuta ingeulainisha. Huu mtu aliutoa,
akaurudisha, akaomba wiki moja zaidi,
wakamnyima,
akaja usiku akauweka."

Tukapanga foleni kugusa, watu wazima kumi na mmoja,
kama mbele ya sanduku la mtakatifu.
Mimi nilisikia bati, na baridi, na maji.
Nikasema nimeusikia.
Ghisolfi hakusema kitu, naye si mtu wa kutosema kitu.
Tancredi akagusa wa mwisho.
"Mimi," alisema polepole, "nililinunua kwa ajili ya mdomo."
Hakuna aliyecheka.

Kwenye umande kiganja kilikuwa kimeacha njia,
kutoka taa hadi begani, mstari mmoja mweusi unaong'aa.
Daktari Brezzo, kwa mazoea, akatoa kitambaa.
Tancredi akamshika mkono.

Basi la kurudi lilikuwa la saa nne na robo.
"Nikupeleke," Tancredi akamwambia mzee,
na mlango ukajifungua wenyewe, bila sauti.
Ermenegildo akavaa glavu, kidole kwa kidole.
"Nikiwa humo ndani," akasema,
"bega nitalipata wapi?"
Akaenda kituoni, akipapasa ukuta wa kiwanda njia nzima.